Kuinua paa ya gereji ndio lifti ya gari iingie: mwongozo kamili kutoka Nakuru

Mgongo ndio ulinisukuma kwa hii kazi. Miaka mingi nimelala chini ya magari juu ya kadibodi, jeki moja na stendi mbili, jioni ukiinuka kiuno kinakataa kunyooka, na kila gari ikitikisika kidogo roho inakuruka. Nikaamua hapana, lazima nipate lifti ya nguzo mbili. Sasa shida ni gereji yenyewe. Iko hapa Lanet, imejengwa vile gereji nyingi za huku zimejengwa: ukuta wa mawe ya inchi 9, mita 6 kwa 9, trasi (zile fremu za pembetatu zinazobeba paa) za mbao ya saipresi, mabati juu, na ukipima kutoka sakafuni hadi ile mbao ya chini ya trasi unapata futi 9, yaani mita 2.74. Nguzo za lifti niliyokuwa naitaka ni mita 2.85, haziingii hata kabla hujaleta gari.

Njia ya mkato ambayo kila mtu atakuambia ni kukata hiyo mbao ya chini. Naandika hii yote hasa kwa ajili ya hiyo mbao.

Ile mbao ya chini inafanya nini

Kabla ya Lanet nilikuwa nimekodi gereji upande wa Shabab, mtaa mwingine wa hapa Nakuru. Nilitaka nafasi ya kusimamisha winchi ya kutoa injini, nikaita fundi, akaangalia juu akaniambia, "Boss, hii mbao haina kazi, inashikilia siling tu." Akapanda na msumeno akakata tatu, hata saa moja haikuisha. Siku hiyo hakuna kitu kilitokea. Wiki ya pili hakuna kitu. Wiki ya tatu, kumenyesha usiku, asubuhi nikaona mstari kwa plasta chini kidogo ya pale trasi zinakalia ukuta, nikajaribu kuingiza sarafu ya shilingi kumi kwa ule ufa, ikaingia vizuri. Nikateremsha timazi kutoka juu ya ukuta kwa nje, kichwa cha ukuta kilikuwa kimetoka milimita 22. Siku hiyo hiyo tulifunga propu, zile nguzo za kuegemeza, tukarudisha mbao mpya, na mwenye nyumba akanitoa, na alikuwa na haki.

Ukitaka kuelewa, chukua kitabu kikubwa, kifungue kidogo, kisimamishe kwa meza kama paa, halafu bonyeza mgongo wake kwa kidole. Pande zote mbili zinateleza kwenda nje. Sasa zifunge chini kwa uzi ubonyeze tena, hazisongi. Uzi ndio hiyo mbao, tunaiita tai bimu, na jina lenyewe linakuambia kazi yake ni kufunga, siling imeipata tu hapo ikaning'inia.

Kwa hesabu ni hivi. Paa ya upana wa mita 6, kimo cha mita 1.5 kutoka tai hadi kileleni, trasi ziko mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, mabati na mbao na mtu akipanda kurekebisha tuseme kilo 50 kwa kila mita mraba. Kila tai inavutwa na nguvu ya karibu kilo 180. Sio nyingi kwa mbao nzuri, lakini ukuta wa mawe hauwezi kusukumwa kando na kilo 180 kila mita moja na kidogo, mawe yanajua kubeba mzigo wa kutoka juu tu. Na wale wanaosema "basi si tuipandishe tu hiyo mbao hadi katikati ya rafta", yaani zile mbao za mshazari za paa, sikiza: ukiipandisha nusu ya kimo, mvuto unakuwa mara mbili, kama kilo 360, na kile kipande cha rafta kilichobaki chini ya tai sasa kinapinda kama upinde, juu hakijaundwa kufanya hiyo kazi. Inawezekana kupandisha tai kidogo, lakini kwa rafta nene zilizopigiwa hesabu, sio za inchi 4 kwa 2 za kawaida.

Pima kabla hujanunua chochote

Pima kutoka sakafuni hadi kitu cha chini kabisa, na hicho kitu mara nyingi sio siling. Inaweza kuwa taa, bomba la waya, reli ya mlango, au ile ngoma ya rola shata hapo juu ya mlango. Pima pembe zote nne na katikati, juu sakafu nyingi za gereji zimemwagwa na mteremko wa maji kwenda mlangoni, yangu ilikuwa na tofauti ya sentimita 6 kutoka nyuma hadi mbele.

Halafu pima magari yako. Usichukue namba kwa mtandao, gari ya huku imewekewa springi za kuinua, keria, matairi makubwa. Kwa jumla Probox iko karibu mita 1.5, Noah na Prado ziko kama 1.85 hadi 1.9, na hizi matatu za Hiace zenye paa ndefu zinafika kama mita 2.28 kabla hujaweka keria. Fungua pia boneti na mlango wa nyuma upime, juu kuna kazi utafanya gari ikiwa nusu juu na boneti wazi, na ncha ya boneti ndiyo itakwaruza paa.

Hesabu ni rahisi: urefu wa gari kwenda juu, jumlisha kimo ambacho lifti inainua, jumlisha sentimita 15 za usalama. Lifti yangu pedi zinapanda hadi mita 1.85. Prado ya mita 1.88 inanipa 3.73, na sentimita 15 inakuwa 3.88. Ukweli ni kwamba gari haiondoki chini mpaka pedi iguse chesisi, na chesisi tayari iko sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, kwa hivyo kuna nafasi ya ziada imejificha hapo, lakini mimi siihesabu, wacha ikae iwe ya kesho gari nyingine ikija.

Chagua lifti na paa pamoja

Kuna lifti za nguzo mbili zenye bamba la chini, nyaya na paipu za haidroliki zinapita sakafuni, nguzo ni fupi kama mita 2.8 hadi 2.9. Halafu kuna zile zenye bimu ya juu inayounganisha nguzo, sakafu inabaki safi lakini zinataka mita 3.5 kwenda juu hata kabla ya gari. Kwa gereji ndogo za huku nachukua ya bamba la chini bila kufikiria mara mbili, utaruka hilo bamba na toroli lakini umeokoa zaidi ya nusu mita.

Kama nyumba ni ya kupanga, au juu ya gereji kuna slabu na watu wanaishi, tafadhali usiguse kitu. Chukua lifti ya mkasi ya kimo cha kati, inainua kama mita moja hivi, unafanya breki, gia, ekzosi ukiwa umekaa kwa kiti kidogo. Wengine wanachimba shimo. Shimo mimi siupendi, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unashuka unakaa humo ndani, halafu mtu anawasha greinda.

Sasa kwa paa ya mabati juu ya trasi, njia za maana ziko mbili.

Ya kwanza ni trasi za mkasi, ambapo mbao za chini hazilali, zinapanda kutoka kila ukuta zikutane katikati. Tai bado iko, imepinda tu kwenda juu. Kwa paa kama yangu ingenipa sentimita 75 zaidi pale katikati, na gari liko katikati kwa hivyo inasaidia, lakini paa ya gari ina upana, kando ya gari nafasi inapungua. Nilipiga hesabu nikaona Probox ningeinua hadi kama mita 1.6 na Prado ningebaki chini zaidi. Ni njia nzuri kama gereji imeshikana na nyumba na huwezi kuinua ukuta mmoja bila mwingine.

Ya pili ndiyo nilifanya, na ndiyo namshauri mtu yeyote mwenye gereji iliyosimama peke yake: toa paa yote, ongeza ukuta, mwaga ringi bimu mpya (mkanda wa zege na chuma unaozunguka juu ya kuta zote), rudisha trasi zako vile zilikuwa. Watu wanaogopa wakisikia "toa paa yote" lakini fikiria, mabati sio vigae. Paa ya mita 6 kwa 9 watu wanne wanaifungua kwa siku moja. Na tai bimu haijakatwa hata moja, imepanda tu pamoja na ukuta.

Injinia na kaunti

Hii usiruke. Unaongeza karibu mita moja ya mawe juu ya msingi ambao hujui ulimwagwa vipi. Ukuta wa inchi 9, kosi nne (mistari minne ya mawe), ni zaidi ya kilo 350 kwa kila mita ya ukuta. Injinia aliyesajiliwa atachimba shimo dogo kando ya ukuta aone msingi uko chini kiasi gani na umekalia nini. Kwangu ulikuwa sawa. Kisumu, ukiwa zile sehemu za udongo mweusi kuelekea Kano, hapo ndio atakaa sana, juu ule udongo unavimba mvua ikija na unapasuka kiangazi, na ukuta mrefu unaonyesha kila kitu msingi unafanya.

Kibali cha kaunti kinahitajika chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, na kanuni mpya ya kitaifa ya ujenzi ya 2024 ilianza kazi tarehe 1 Machi 2025 ikachukua nafasi ya ile ya zamani ya 1968. Peleka mchoro, lipa, subiri. Na ukuta wa inchi 6 ukitaka uende karibu mita 4, uliza injinia juu ya nguzo za zege, mimi siwezi kulala chini ya ukuta mwembamba hivyo bila nguzo kila mita 3.

Panga msimu

Mimi nilianza wiki ya pili ya Januari. Mvua ndefu kwa kawaida inaingia kati ya Machi na Aprili, na unataka mabati yawe juu kabla ya hapo. Ubaya wa Januari na Februari huku Nakuru ni upepo na vumbi, na ukuta usio na paa hauna kitu kinaushika juu. Kisumu na Kakamega mvua ya saa kumi jioni haiulizi ni mwezi gani, kwa hivyo kuwa na tandarua kubwa tayari siku zote.

Kufungua paa

Kabla ya kugusa mabati, zungusha propu za mbao za kusimama mshazari nje ya kuta ndefu, kila mita 2.5 hivi, zikalie vigingi vilivyopigwa ardhini. Ndani pia. Sio mapambo, trasi zikitoka hizo kuta ni kama karata zimesimama.

Zima umeme wote kwa bodi, toa waya za taa. Siling shusha kipande kwa kipande, na vaa barakoa, vumbi ya miaka na kinyesi cha popo na panya yote inashuka na wewe. Kama siling bodi au paa ni zile shiti ngumu za zamani za kijivu zinazofanana na simiti, usizivunje na usizikate, zinaweza kuwa na asbesto, hiyo ni kazi ya watu wenye leseni.

Halafu mabati, ukianzia kileleni kushuka. Usitembee katikati ya bati, kanyaga pale misumari imepita. Ng'oa palini, zile mbao za kupigilia mabati, uzipange kando. Sasa trasi. Andika namba kila moja kwa rangi, na uandike upande gani ni kushoto, juu fundi wa kwanza hakuzifanya sawasawa hata kama zinafanana. Zishushe moja moja, watu sita, kamba mbili, zikiwa zimesimama wima. Usiilaze trasi ikiwa imeshikwa mwisho na mwisho tu, viungo vinafunguka. Zangu zilikuwa saipresi iliyokaa juu miaka kumi na kitu, imekauka kama mfupa, na hii ndio sababu sikununua mpya: mbao mbichi ukiipandisha leo itajikunja ikikauka na paa itafuata. Nilibadilisha vipande vitatu vilivyoliwa na mchwa pale vilikuwa vimegusa ukuta, nikapaka dawa zote, nikaongeza bamba za chuma kwa viungo.

Ukuta na ringi bimu

Toa ile mbao iliyolala juu ya ukuta, vunja motari yote iliyolegea, piga brashi ya waya, mwagia maji. Jiwe kavu linanyonya maji ya motari na kiungo kinakuwa unga. Kila mita 1.2 toboa chini kwa ukuta wa zamani, weka kipande cha chuma cha Y12 (nondo ya milimita 12) kwa simiti, kitokeze juu kishike kosi mpya.

Tulijenga kosi nne. Kila kosi na motari yake ni sentimita 24, kwa hivyo sentimita 96, juu yake ringi bimu ya sentimita 20. Kutoka 2.74 tukafika 3.90. Kosi mbili kwa siku, usipande zaidi ya hapo, na kila asubuhi na jioni maji kwa wiki nzima.

Ringi bimu ndio nataka ukae nayo. Sisi huku tuko ndani ya Bonde la Ufa, na tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la Subukia, hapo tu kupita Bahati, lilifika ukubwa wa 6.9. Ukuta mrefu wa mawe bila mkanda wa zege juu ni mawe yamepangwa. Injinia alinipa chuma nne za Y12, ringi za R8 za kuzifunga pamoja (chuma laini ya milimita 8) kila sentimita 20, zege ya 1 kwa 1.5 kwa 3. Chuma zikiungana zipitane angalau sentimita 60.

Nenda ukaangalie kona kabla ya kumwaga. Mimi nilipanda nikakuta kona mbili chuma za ukuta mrefu zimekuja zikaishia hapo, na za ukuta mfupi zimekuja zikaishia hapo, zinakaribiana lakini hazishikani. Ukiangalia kutoka chini huoni. Ringi bimu ya namna hiyo ni bimu nne tofauti, kona itafunguka. Nikasimamisha kazi, tukakata vipande vya Y12, tukavipinda kama herufi L, sentimita 60 kila upande, vinne kila kona, tukafunga na waya. Ilichukua asubuhi moja. Wakati huo huo weka bolti za M12 zikisimama kwenye zege pale kila trasi itakaa, na uzipime mara mbili, juu hizo ndizo zitazuia upepo kubeba paa. Paa ya mabati ni nyepesi, upepo wa Februari unaifyonza kwenda juu, na msumari peke yake hauwezi.

Siku saba za maji, ndio trasi zikapanda tena.

Kurudisha juu

Anza na trasi mbili za mwisho, vuta kamba kileleni kutoka moja hadi nyingine, za katikati zifuate kamba. Funga kila moja kwa bolti na hupu aini pia, ule ukanda mwembamba wa chuma. Weka mbao za mshazari kati ya trasi, hizi watu wanaziacha kila siku, na ndizo zinazuia trasi zote kulala upande mmoja kama vitabu kwa rafu. Mabati nilinunua mapya ya geji 28, ya zamani yalikuwa na matundu mengi nikafanya ua. Weka shiti mbili tatu za kupitisha mwanga, utafanya kazi mchana bila taa.

Siling sikurudisha. Tai bimu ziko wazi, nimepaka rangi nyeupe. Kisumu kwa lile joto ningeweka foili chini ya mabati, lakini kati ya rafta, sio chini ya tai, usijinyime tena nafasi uliyotoka kuipata.

Taa zisikae juu ya gari. Nimeziweka ukutani pande zote, urefu wa mita 2 na mita 3.2, ndio gari ikiwa juu bado naona chini. Mlango nao ukiwa wa rola, ngoma ipandishe juu ya linta mpya (bimu ya juu ya mlango) au uiache mahali pake na usogeze lifti ndani, hakikisha tu gari ikiwa juu pua yake haiko chini ya ngoma.

Sakafu

Paa ikishakuwa tayari watu wanafurahi wanasahau kwamba tani mbili zitasimama juu ya bolti chache. Toboa tundu la majaribio sehemu mbili. Yangu ilikuwa na sentimita 7 za zege juu ya kokoto, kitabu cha lifti kinataka zaidi ya hiyo, na vitabu vingi vitakuambia kuanzia sentimita 10 hadi 15 za zege nzuri. Tulikata na greinda mstari wa mita 4 kwa 1.2, ukishika nguzo zote mbili, tukachimba, tukamwaga sentimita 30 na chuma za Y12 kila sentimita 20 chini na juu. Kipande kimoja kwa nguzo zote, ndio zikishuka zishuke pamoja. Halafu siku 28. Siku ya kumi zege inaonekana ngumu, unaigonga inalia, lakini bolti ya kupanua inaisukuma kwa ndani na ikiwa changa inapasuka.

Bolti toboa na drili ya nyundo, drili ya saizi sawa na bolti, ukishikilia wima kabisa. Ukimaliza, puliza tundu, piga brashi ya duara ndani, puliza tena. Nimeona mtu anaruka hii. Vumbi inakaa chini na kando, bolti inaingia, unakaza, inakaza kweli, na baada ya mwezi imelegea kwa sababu ilikuwa imeshika unga. Tumia spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, namba iko kwa kitabu chako. Bolti isikaribie ukingo wa zege au ufa, kwangu nilibaki sentimita 20.

Na usifunge nguzo za lifti kwa trasi eti "kuongeza nguvu". Nguzo inasimama kwa sakafu peke yake, ukiifunga juu kila mtikisiko wa gari unaenda kwa paa.

Umeme

Mota ya 2.2 kW ya volti 240 vuta laini yake kutoka kwa bodi, usiiunge na soketi ya welda. Kwangu waya wa milimita mraba 6, breka ya ampi 32, na arthi iliyopimwa na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Kama uko Kisii au Kakamega ambako radi ni kila jioni, arthi ya paa pia, na ukiona wingu jeusi shusha gari.

Kuinua mara ya kwanza

Anza na gari ndogo. Inua sentimita 30, simama, isukume kwa mkono pande zote, angalia pedi. Panda hadi loki ya kwanza, shusha ikae kwa loki, sikiliza pande zote mbili zimebofya. Kisha panda juu kabisa mtu mmoja akiangalia paa tu, hafanyi kitu kingine.

Gari ndefu ikija, nimepiga alama za rangi kwa nguzo: nyeupe ni Prado, nyekundu ni matatu. Hiace ndefu nasimama mita 1.5, paa yake inakuwa chini ya 3.78. Na kwa sababu kuna siku utachoka usiangalie, nimening'iniza paipu nyepesi ya plastiki chini ya tai bimu, mita 3.8 kutoka sakafuni, imefungwa kwa swichi inayokata mota gari ikiigusa. Lifti zenye bimu ya juu zinakuja nayo, hizi za bamba la chini nyingi hazina.

Bolti za sakafu kaza tena baada ya wiki moja, halafu kila miezi mitatu. Ukuta nao upime. Kabla ya kurudisha mabati nilipiga misumari miwili ya chuma kwa ndani ya ringi bimu, mmoja kila ukuta mrefu, katikati kabisa, nikapima na tepu ya chuma kutoka mmoja hadi mwingine nikaandika kwa penseli pale kwa bimu pamoja na tarehe. Februari ilikuwa mita 5.982. Mwisho wa Mei, mvua ikishapita, nilipanda na tepu ile ile, na iko 5.982.